Meru, Longonot, Chyulu au Lengai: kuchagua volkano kwa kile unachotaka kukielewa

Safari nyingi za kwenda kwenye volkano huchaguliwa kwa jina la mlima. Kilimanjaro kwa sababu ndio mrefu kuliko yote Afrika, Ngorongoro kwa sababu ya faru na simba. Kwa mtalii si vibaya. Lakini kwa mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi arobaini, au kwa mtu aliyechoka kukariri aina za volkano na sasa anataka kuziona, jina kubwa linaweza kumrudisha nyumbani bila jibu. Kilimanjaro umefunikwa na msitu, vichaka, jangwa la mawe na barafu, na utatembea siku nne au tano kabla ya kuiona kasoko yake, yaani mdomo wake. Longonot itakuonyesha yake baada ya saa moja na nusu.

Hapa volkano za Afrika Mashariki zimepangwa sambamba kwa kuuliza mambo matatu: kila moja inafundisha nini kuhusu namna milima hii inavyojengeka, inataka muda gani, na wapi watu hukosea.

Kinachoamua umbo

Chini ya Bonde la Ufa kuna mwamba wenye joto la kutosha kuyeyuka, ila uzito wa miamba iliyo juu yake unauzuia. Bamba la Nubia (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia) upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Gamba la dunia linavutwa, linakonda, mgandamizo unapungua, na mwamba ule ule unaanza kuyeyuka bila kuongezewa joto. Kule Japani na Indonesia mambo ni tofauti: bamba moja linazama chini ya jingine likibeba maji ya bahari, na maji hayo ndiyo yanayoufanya mwamba uyeyuke mapema.

Magma, yaani mwamba huo ulioyeyuka, ikishapatikana, umbo la mlima hutegemea unene wake, gesi iliyomo, na maji itakayokutana nayo njiani. Unene huletwa hasa na silika, kiambato kikuu cha mchanga na kioo, ambayo ni kama unga ndani ya sufuria. Basalti ina silika karibu asilimia 50, inatoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na inatiririka kama uji. Trakaiti, ambayo ni ya kawaida katika volkano za Kenya, ina zaidi ya asilimia 60. Raiolaiti inapita 70, inatoka ikiwa na joto dogo zaidi, na haiendi mbali.

Anayesonga ugali anajua kazi ya gesi kwa mkono wake. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapanda na kupasuka taratibu. Ukianza kuwa mzito, mvuke unanaswa chini, kisha unatoka kwa kishindo na kurusha matone yanayounguza ngozi. Magma nzito yenye gesi nyingi hufanya hivyo hivyo, ila matone yake ni majivu na mawe yanayopaa kilomita kadhaa. Nayo magma yoyote, nzito au nyepesi, ikikutana na maji ya chini ya ardhi, maji yanageuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,000. Hapo hata magma ya uji hulipuka.

Vitabu vya shule hufundisha kwamba lava nyepesi hujenga mlima mpana na lava nzito hujenga mlima mkali. Kwa Hawaii kanuni hiyo inatosha. Kwetu haitoshi, kwa sababu magma nyingi za Bonde la Ufa zina sodiamu na potasiamu kwa wingi na zina tabia zake. Nyiragongo, huko Kongo, una moja ya lava nyepesi kuliko zote duniani, na bado ni mlima wenye ubavu mkali. Umbo la mlima ukilitazama kwa mbali lisikutoshe kuamua tabia yake.

| Aina | Magma | Mteremko | Pa kuiona | Muda wa kutosha |
|---|---|---|---|---|
| Ngao | nyepesi, husambaa mbali | nyuzi 2–10 | Suswa, Nyamulagira, Karthala | siku 1–2 (Suswa) |
| Matabaka | lava na majivu kwa zamu | mpole chini, nyuzi 30 au zaidi juu | Meru, Longonot, Kibo, Lengai | siku 1–4 |
| Koni ya changarawe | nyepesi yenye gesi nyingi | nyuzi 30–35 | Chyulu, Maundi | nusu siku |
| Shimo la mlipuko | yoyote iliyokutana na maji | ukingo mfupi, sakafu imezama | Katwe, Duluti | nusu siku |
| Kuba la lava | nzito sana | mkali, kilima kifupi | Olkaria | siku 1 |
| Kaldera | mlima uliobomoka juu ya chumba kitupu | kuta za kusimama | Menengai, Ngorongoro | siku 1 |

Meru au Kilimanjaro

Yote miwili, iliyoko kaskazini mwa Tanzania, ni volkano za matabaka: lava iliyotiririka ikaganda, juu yake majivu na mawe yaliyorushwa, kisha lava tena. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro umevaa nguo mwili mzima, na Meru umevuliwa upande mmoja.

Miaka 8,000 hadi 9,000 hivi iliyopita, upande wa mashariki wa Meru uliporomoka. Hiyo haikuwa lava kumwagika. Ubavu wenyewe wa mlima, uliokuwa umelegea, ulikatika na kuteremka kama maporomoko makubwa ya mawe na udongo, jambo lile lile lililotokea Mlima Saint Helens huko Marekani tarehe 18 Mei 1980. Kifusi kilitapakaa hadi chini kikaacha vilima vidogo vingi, na maji yakajaa katika mabonde kati ya vilima hivyo. Ndiyo maziwa ya Momella. Anayepita hapo akitazama flamingo anapita juu ya kilele cha zamani cha Meru.

Palipokatika pamebaki ukuta wa karibu mita 1,500, na ukutani matabaka yanasomeka kama kurasa za kitabu kilichowekwa ubavu: mistari ya lava ngumu iliyojitokeza nje, katikati yake majivu laini yaliyoliwa na mvua. Ndani ya pengo hilo lenye umbo la kiatu cha farasi imekua koni mpya ya majivu yenye kilele cha mita 3,667. Mlipuko wa mwisho ulikuwa 1910.

Kupanda hadi kilele, mita 4,566, huchukua siku tatu au nne kutoka lango la Momella, kupitia kibanda cha Miriakamba (mita 2,514) na kibanda cha Saddle (mita 3,570). Askari mwenye bunduki huongozana na kikundi kwa sababu ya nyati. Kosa la kawaida ni kulazimisha siku tatu: usiku wa kilele mtu anapanda karibu mita 1,000, kisha siku hiyo hiyo anateremka hadi chini kabisa, na wengi magoti huwaishia kabla ya pumzi. Kwa darasa nashauri jambo jingine kabisa. Lala Miriakamba usiku mmoja, asubuhi fanya matembezi ya nusu siku kuelekea sakafu ya kasoko, kaa chini ya ukuta ule mchore matabaka, halafu rudini. Kwa somo la volkano, kilele hakiongezi kitu ambacho sakafu haijakupa.

Beba maji kutoka nje. Mito na chemchemi nyingi za kuuzunguka Meru zina floridi nyingi itokayo kwenye miamba hii, ndiyo sababu ya meno ya kahawia kwa watu waliokulia pande hizo. Kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Kilimanjaro una somo tofauti, nalo ni uzee. Ni volkano tatu zilizoungana. Shira, iliyoanza takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, imebomoka na kusawazishwa hadi kuwa uwanda. Mawenzi, mita 5,149, imeliwa na mvua na barafu hadi ikabaki mifupa, yaani kuta nyembamba za magma iliyoganda ndani ya nyufa. Kibo, mita 5,895, ndiyo changa na bado ina umbo lake, na ndani ya kasoko ya Reusch kuna shimo la majivu lenye kina cha zaidi ya mita 100 na matundu yanayotoa harufu ya salfa. Ukitaka kuuona mfuatano huu chagua njia ya Lemosho au Machame, kwa kuwa zinapita Lava Tower kwenye mita 4,600. Njiani humo tafuta mwamba wa kijivu wenye fuwele nyeupe zenye umbo la msambamba kama kashata iliyokatwa mshazari. Fuwele kubwa kiasi hicho hazikui kwa siku moja: magma ilikaa muda mrefu chini ikipoa polepole kabla ya kutoka.

Asiye na siku saba wala fedha za kilele aende Marangu kwa siku moja. Kutoka langoni hadi kibanda cha Mandara ni saa tatu hadi nne, na dakika 20 mbele yake kuna kasoko ya Maundi, mojawapo ya koni ndogo takriban 250 zilizoota ubavuni mwa Kilimanjaro.

Mlima Kenya unaendeleza hadithi pale Mawenzi inapoishia. Ni mzee zaidi, volkano yake imeshakufa, na barafu imekwangua mlima mzima hadi kufikia kizibo. Batian, mita 5,199, si ukingo wa kasoko. Ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano, ukabaki umesimama baada ya kila kitu kilichouzunguka kuondoka.

Longonot, Menengai au Ngorongoro

Hapa pana mkanganyiko unaostahili kuondolewa. Kasoko ni mdomo, mahali volkano ilipotapikia. Kaldera ni paa lililoanguka: magma nyingi inatoka kwa mkupuo, chumba kilichokuwa chini kinabaki kitupu, na mlima unadidimia ndani yake. Jina tulilozoea, Kreta ya Ngorongoro, linapotosha. Ile ni kaldera, yenye upana wa kama kilomita 19, kuta za mita 610 na sakafu ya kilomita za mraba 260, na ilianguka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Tangu hapo nyasi, msitu na ziwa la magadi vimefunika kila alama ya moto. Kama ni volkano unayoitafuta, Ngorongoro itakuonyesha nyumbu. Kama tayari uko huko, afadhali uende Empakaai, upande wa kaskazini-mashariki wa hifadhi hiyo hiyo, ambako unateremka kwa miguu na askari hadi ziwani na kuugusa ukuta wa kaldera kwa mkono.

Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ni changa zaidi na haijajificha. Kaldera yake ina kilomita 12 kwa 8, na gari linafika ukingoni. Ukisimama pale unaona lava nyeusi ya trakaiti iliyomwagika sakafuni baada ya paa kuanguka, mikondo yake imekunjamana kama zulia lililosukumwa, na nguzo za mvuke kutoka visima vya jotoardhi. Kwa wanafunzi wadogo au wazee wasioweza kupanda, hapa ndipo.

Longonot ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mwenye siku moja. Iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi kwa barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha, matatu zinafika, na kutoka barabarani kuna bodaboda hadi langoni. Kutoka lango hadi ukingo ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo 7.2, kurudi tena 3.1. Panga saa tano hadi sita. Kilele, kinachoitwa Kilele Ngamia, kina mita 2,776.

Unachopaswa kutazama kiko njiani kabla hata ya kufika juu. Njia imechimbwa na mvua na nyayo ndani ya majivu, na kuta zake zinaonyesha mikanda: majivu laini, kisha mkanda wa vijiwe vyeupe vyepesi, kisha majivu tena. Okota kijiwe kimoja ukitie katika kikombe cha maji. Kitaelea, kwa sababu ni povu la magma lililoganda na gesi yake ndani, mwamba ule ule unaotumika kusugua nyayo za miguu. Kila mkanda wa vijiwe hivyo ni mlipuko mmoja. Halafu rudisha kijiwe ulipokitoa, kwa kuwa kuondoa mawe katika hifadhi ya taifa hakuruhusiwi.

Yanayoharibika Longonot ni haya. Watu hufika saa tano asubuhi na kuanza kupanda jua likiwa kichwani, ilhali hakuna kivuli wala maji njiani. Fika langoni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi ukiwa na lita tatu kwa kila mtu. Wanavaa raba zenye soli laini, na majivu makavu juu ya mwamba mgumu huteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Kuteremka ndiko kunakoangusha, si kupanda. Wanasogea ukingoni kupiga picha baada ya mvua, wakati majivu ya ukingo yamelegea. Na kuna wanaojaribu kushuka msituni ndani ya kasoko, ambako kuna nyati.

Suswa, jirani wa kusini, inafaa kwa atakayerudi mara ya pili. Ni ngao, pana na ya mteremko mpole kiasi kwamba ukiwa barabarani huwezi kuamini ni volkano. Ina kaldera mbili, moja ndani ya nyingine, na ya ndani ina kisiwa cha mwamba kilichozungukwa na handaki. Wakazi wa Kimaasai hunasa mvuke wa ardhini kwa mabomba, unapoa, wanapata maji ya kunywa mahali pasipo na mto. Kuna pia mapango ya lava: mkondo wa lava huganda juu na kuwa paa, lava ya ndani inaendelea kutiririka hadi inaisha, na unabaki mrija mtupu. Usiyachanganye na mapango ya Mlima Elgon kama Kitum, yaliyochimbwa na tembo wakitafuta chumvi ndani ya mwamba wa majivu. Kwa Suswa lazima upate gari lenye nguvu magurudumu yote manne, mwongozo kutoka kwa jamii ya pale, tochi mbili kwa kila mtu, kofia ngumu, na barakoa, kwa sababu vumbi la kinyesi cha popo huleta ugonjwa wa mapafu.

Chyulu au Katwe: penye ukavu na penye maji

Jozi hii ndiyo fupi kuielewa na nzuri kuliko zote kwa somo la darasani, maana magma nyepesi inaweza kukupa kilima au shimo kutegemea kama imekutana na maji.

Milima ya Chyulu ni mamia ya koni zilizojipanga kwa karibu kilomita 100. Magma nyepesi yenye gesi ilitoka kama chemchemi ya moto, matone yakaganda hewani yakawa changarawe nyekundu na nyeusi zenye vitundu, yakaanguka kuzunguka tundu. Tazama muuza mchele anavyomimina mchele kwenye ungo. Lundo linakua, lakini ubavu wake hauzidi ukali fulani; ukiongeza mchele unateleza chini na lundo linapanuka. Koni ya changarawe hutii kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana karibu zote zina ubavu wa nyuzi 30 na kidogo. Zinakua upesi mno. Parícutin, huko Mexico, ulianzia katika shamba la mahindi Februari 1943, na ulipokoma 1952 ulikuwa na mita 424 juu ya shamba. Mahujaji wengi wamepita karibu na nyingine bila kujua: kusini-mashariki mwa Madina, mwaka 1256, ardhi ilipasuka, koni sita zikajengeka na lava ikatiririka kilomita 23 kwa siku 52 kabla ya kukoma nje ya mji.

Katika Tsavo Magharibi panda Chaimu, koni ndogo, kisha nenda kwenye lava ya Shetani, mkondo mweusi wa kilomita 8 ulioganda karne chache tu zilizopita. Mawe yake yana makali ya chupa iliyovunjika. Viatu vya soli nene ni lazima, glavu zinasaidia, na usimwache mtoto akimbie juu yake. Mvua inayonyesha Chyulu haifanyi mito. Changarawe inaimeza yote, na inatokea mbali huko chini Mzima Springs, ambako sehemu yake inaingia katika bomba linaloelekea Mombasa. Anayefungua bomba Mombasa anaweza kuwa anakunywa mvua iliyochujwa na volkano.

Katwe, Uganda, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ardhi imejaa mashimo badala ya vilima. Magma ilikutana na maji ya ardhini na kulipuka, ikarusha nje hata mwamba wa zamani uliokuwa umelala chini. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi: katika koni, sakafu ya kasoko iko juu kuliko ardhi ya kando, katika shimo la mlipuko iko chini. Kipimo cha pili ni ukuta wenyewe. Ukiona vipande vya mwamba wa kale, wenye mistari na fuwele zinazometa, vimenaswa ndani ya majivu, maji yalihusika. Ziwa la Katwe halina pa kutokea, jua linakausha maji, na watu wanavuna chumvi. Walio Arusha hawana haja ya kwenda mbali hivyo: Ziwa Duluti, pale Tengeru, limekaa katika kasoko, na mzunguko wake kwa miguu ni wa asubuhi moja.

Kuba la lava nalitaja kwa ufupi. Olkaria, katika Hifadhi ya Hell's Gate, raiolaiti nzito ilisukumwa nje ikarundikana papo hapo bila kwenda popote, na kioo cheusi cha volkano kinaonekana ardhini. Moto uliobaki chini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Unaweza kuzunguka kwa baiskeli. Korongo usiliingie kukiwa na wingu zito upande wowote wa upeo wa macho. Mvua ya mbali hushusha mafuriko humo kwa dakika chache, na imeshaua watu.

Nyiragongo na Nyamulagira

Milima hii ya Kongo iko kama kilomita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, na hakuna jozi inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini umbo halitoshi. Nyamulagira, mita 3,058, ni ngao: lava yake hutoka kwenye nyufa za ubavuni, inasambaa mbali, na mlima unatanuka kuliko kuinuka. Umelipuka zaidi ya mara 40 tangu mwisho wa karne ya 19. Nyiragongo, mita 3,470, ni wa matabaka, umejengwa kuzunguka koo moja lenye kasoko ya zaidi ya kilomita moja, na kwa miaka mingi kasoko hiyo imebeba ziwa la lava. Lava yake ina silika karibu asilimia 40 tu.

Hatari inatoka katika muungano huo, yaani uji mwepesi uliowekwa juu katika chungu chenye kuta nyembamba. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu ulipasuka na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka hadi kukaribia Goma, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudia, ikasimama kwenye kingo za mji. Kwa Nyamulagira swali ni lava itaenda wapi. Kwa Nyiragongo ni kama una dakika za kutosha kukimbia.

Kwa sasa usalama wa eneo hilo hauruhusu kupanga safari ya mafunzo. Ila kuna neno la huko ambalo kila anayetembelea volkano anapaswa kulijua, na wataalamu wa dunia nzima wanalitumia kwa Kiswahili: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, inayotuama mabondeni kama maji yasiyoonekana. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama huku mbuzi au mtoto aliyeinama anakufa. Hukusanyika zaidi usiku na asubuhi pasipo na upepo. Dalili ni wadudu, ndege au panya waliokufa shimoni bila sababu inayoonekana. Usipige hema katika bonde dogo kwenye mlima wa volkano hai, na mwenzako akianguka humo usimfuate kwa kukimbia. Wengi hufa wakiokoa.

Volkano ya ngao nayo isidharauliwe. Karthala, kisiwani Ngazidja huko Komoro, kwa kawaida hutoa lava tulivu, lakini mwaka 2005 magma ilikutana na maji ya juu ya mlima, ikalipuka, na majivu yakachafua matangi ya maji ya mvua ambayo vijiji vingi hutegemea.

Lengai

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, haulingani na wowote. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava isiyo na silika karibu kabisa. Inaundwa na kabonati za sodiamu na potasiamu, ndugu wa magadi yanayolainisha maharage jikoni. Inatoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya joto la basalti, ni nyeusi, inatiririka kama mafuta machafu ya gari, na mchana hata haing'ai. Ikishika unyevu inageuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Weupe unaoonekana kileleni kutoka mbali si theluji. Bado mlima ni mkali na wa matabaka, kwa kuwa sehemu kubwa yake imejengwa na lava na majivu ya kawaida zaidi. Nao hulipuka: kuanzia Septemba 2007 hadi 2008 ulirusha majivu na kuchimba shimo refu mahali ambapo zamani watu walitembea juu ya lava iliyojaa hadi ukingoni. Maelezo ya zamani ya kutembea ndani ya kasoko hayafai tena.

Uchague Lengai ikiwa umeshapanda Meru au Longonot mara kadhaa bila shida. Mlima una mita 2,962, na unauanza kutoka chini ya mita 1,000. Watu huondoka karibu saa sita usiku kukwepa jua, wanapanda saa tano hadi sita kwenye majivu yanayorudi nyuma chini ya kila hatua, mteremko ukizidi nyuzi 40 karibu na juu. Hakuna maji, hakuna kivuli, hakuna kibanda. Beba lita nne, kofia ngumu, glavu na taa ya kichwani yenye betri mpya. Juu usisogelee ukingo: kwa chini umelika na unaning'inia. Kuteremka huchukua saa nne hivi, na ndiko kunakovunja vifundo vya miguu, kwa hiyo anza kabla ya saa moja asubuhi, mkiachana mstari ili jiwe la wa juu lisimpige wa chini.

Asiyeweza kupanda abaki Engare Sero, chini ya mlima karibu na Ziwa Natron. Kuna mamia ya nyayo za watu wa kale katika majivu yaliyoshuka mlimani na kuganda kama saruji. Vua viatu, kaa kandokando, na nenda asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limelala, maana mchana wa saa sita hazionekani vizuri.